Vipande 137 vya Sauti ya Koko

Kompyuta niliyojifunzia kuhariri sauti ilikaa juu ya meza ya mbao katika chumba cha nyuma cha redio moja ndogo ya jamii, komuni ya Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo. Ilikuwa na prosesa ya Pentium 4, memori ya megabaiti 512, diski ya gigabaiti 40 na mfumo wa Windows XP, na nilipoikuta mwaka 2009 ilikuwa imekwisha kupita katika mikono ya watu kadhaa. Feni yake ilivuma kwa nguvu, hata tukalazimika kuitoa nje ya chumba cha kurekodia na kuacha ndani skrini, kibodi na kipanya tu, nyaya zikipita katika tundu tulilolitoboa ukutani. Nimefanya kazi na mashine hiyo, na nyingine mbili za rika lake, kwa miaka mingi kuliko nilivyotarajia, na nataka kueleza kwa makini yale iliyonifundisha, hasa kosa moja ambalo mpaka leo linanijia akilini kila ninapotaka kufuta kitu.

Ndani yake tulikuta programu mbili. Ya kwanza ilikuwa Cool Edit Pro, iliyotengenezwa na kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Syntrillium, kisha ikanunuliwa na Adobe mwaka 2003 na kupewa jina la Audition. Ya pili ilikuwa Audacity, iliyoanzishwa na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na kutolewa kwa umma mwaka 2000. Zote mbili zilikuwa matoleo ya zamani hata kwa wakati ule, lakini zilikuwa za rika moja na mashine yenyewe, na hilo ni jambo ambalo vijana wanaokuja kujifunza kwetu huchelewa kulielewa. Programu iliyoandikwa mwaka 2002 iliandikwa na watu waliojua kwamba mtumiaji wao ana memori ndogo na diski ya polepole, kwa hiyo haikudai zaidi ya hapo. Ilifunguka upesi, haikutafuta intaneti, wala haikuhitaji kulipiwa kila mwezi, kama ilivyokuja kuwa kwa programu mpya za Adobe kuanzia mwaka 2013. Kwa redio ambayo fedha yake ya kwanza huenda kwenye mafuta ya jenereta, hayo hayakuwa mambo madogo. Audacity, zaidi ya hayo, ni ya bure na halali kwa kila mtu, na ndiyo sababu tuliifanya kuwa programu yetu kuu.

Jambo la kwanza nililolazimika kujifunza lilikuwa hesabu. Sauti ya kawaida hupimwa mara 44,100 kwa sekunde moja, na kila kipimo katika faili la kawaida huchukua baiti mbili. Kwa hiyo mahojiano ya saa moja, ya njia moja tu ya sauti, huwa na ukubwa wa megabaiti zipatazo 318. Audacity, ikiachwa na mpangilio wake wa awali, hubadilisha kila kipimo kiwe cha baiti nne ili hesabu zake ziwe safi zaidi, na mahojiano yaleyale hufikia megabaiti 635. Memori yetu ilikuwa megabaiti 512, na Windows yenyewe ilikwisha kuchukua sehemu yake. Maana yake ni kwamba sauti haikukaa katika memori hata kidogo. Ilikaa kwenye diski, na kila tulipoomba kitu, diski ndiyo iliyokimbia huku na huku ikikwaruza.

Mwanzoni sikuyajua hayo. Nilikuwa nikifungua mahojiano mazima, nikichagua kila kitu, nikipandisha sauti kwanza, kisha nikipunguza kelele, kisha nikisawazisha, na baada ya hapo ndipo nianze kukata. Kila hatua kati ya hizo iliandika upya megabaiti 635, na nakala ya hatua iliyotangulia ikabaki kwenye diski ili niweze kurudi nyuma nikitaka. Hatua tatu zilikula karibu gigabaiti mbili na dakika nyingi za kungoja. Siku moja nilingoja mstari wa kijani ujae hadi umeme ukakatika kabla haujafika mwisho, na habari za jioni zikasomwa bila sauti ya mtu hata mmoja.

Tangu hapo niligeuza mpangilio wote. Ninasikiliza kwanza mahojiano yote kwenye kinasa sauti chenyewe, nikiwa nimevaa kaski, yaani vipokea sauti vya masikioni, na kushika daftari, na kuandika dakika na sekunde za maneno ninayoyataka. Kisha ninayafungua kwenye kompyuta, ninakata, na kubakiza dakika nne au tano zitakazokwenda hewani. Ni hizo tu ninazozipandisha, kuzisafisha na kuzisawazisha. Kazi iliyonichukua saa mbili ikawa ya dakika ishirini na tano, kwenye mashine ileile. Na daftari lile lilinipa faida nyingine ambayo sikuitafuta: nilianza kuwasikia watu wakiongea badala ya kuangalia mawimbi ya sauti zao kwenye skrini.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe. Mwaka 2011 nilikwenda Kabare, jirani na Bukavu, kumrekodi mama mmoja mzee sana, ambaye wote pale nyumbani walimwita Koko, nami nikamwita hivyohivyo. Alisimulia jinsi alipokuwa msichana, wakati Bukavu ilikuwa bado ikiitwa Costermansville, jina lililodumu hadi mwaka 1954, na jinsi yeye na wenzake walivyokuwa wakiteremka usiku na ndizi vichwani ili wafike sokoni kabla ya jua. Aliimba nyimbo mbili walizokuwa wakiimba njiani ili wasisinzie. Mazungumzo yalikuwa ya Mashi, lugha ya huko, dakika 42 kamili, nami nilirudi mjini nikijua kwamba nimebeba kitu cha thamani.

Nilihamisha faili kutoka kinasa sauti kwenda kwenye Audacity, nikakata kipande cha dakika sita kwa ajili ya kipindi cha Jumamosi, kisha nikahifadhi kazi yote kama mradi wa programu. Kwa kuwa kesho yake kinasa sauti kilitakiwa Walungu, nilifuta kila kilichokuwamo. Sikuona hatari yoyote, kwa maana mradi ulikuwa kwenye kompyuta.

Msomaji aliyewahi kutumia matoleo yale ya zamani amekwisha kujua ninakoelekea. Kabla ya toleo la 3.0, lililotoka mwaka 2021, mradi wa Audacity haukuwa faili moja. Lilikuwapo faili dogo lenye mwisho wa .aup, ambalo ndani yake hamna sauti hata sekunde moja, bali orodha ya maelekezo tu: kipande hiki kinafuatwa na kile, hapa pamekatwa, hapa pamepandishwa. Sauti yenyewe ilikuwa kando, katika folda yenye jina lilelile na neno _data mwishoni, imegawanywa katika mamia ya mafaili madogo yenye majina ya herufi na tarakimu ambayo mwanadamu hawezi kuyasoma.

Wakati huo flashi zilizokuwa zikizunguka mjini, kutoka kwa wapiga picha hadi kwa wanafunzi hadi kwetu, zilikuwa zimejaa virusi. Tulizoea kukuta folda zilizogeuka njia za mkato, na mafaili ya ajabu yenye majina yasiyo na maana, na tulikuwa tumekubaliana kuyafuta mara tu tuyaonapo. Jumatano moja, nikisafisha diski iliyokuwa imebakiwa na nafasi ndogo sana, niliifungua folda ile ya _data, nikaona mafaili zaidi ya mia nne yenye majina kama e00002a4.au, nikasema moyoni: hivi ni virusi. Nikafuta, na nikayaondoa hata kwenye pipa la takataka.

Ijumaa mwenzangu alitaka kuisikia hadithi yote ya Koko. Nilifungua mradi. Programu ilinieleza kwamba sehemu za sauti hazionekani na kwamba mahali pake pamewekwa ukimya. Kwenye skrini mstari wa sauti ulikuwa umenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, dakika 42, bila wimbi hata moja. Ninakumbuka kwamba niliuchezesha hata hivyo, nikiwa na kaski masikioni, na nikaona saa ya programu ikihesabu sekunde za kitu kisichokuwapo.

Mafaili yanapofutwa hayaondoki papo hapo. Mfumo huandika tu kwamba nafasi yao iko huru, nayo sauti hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kama ningeizima mashine siku ileile, huenda ningeokoa karibu yote. Lakini tangu Jumatano hadi Ijumaa tulikuwa tumehariri habari za siku tatu kwenye diski hiyohiyo. Fundi mmoja wa Ibanda, kijana mwenye subira, aliichomoa diski, akaiunganisha kwenye kompyuta yake ili isiandikwe tena chochote, akaipekua usiku kucha kwa programu ya kutafuta mafaili yaliyofutwa. Asubuhi alinikabidhi vipande 137. Majina yalikuwa yamepotea, tarehe zilikuwa zimepotea, na hakuna aliyejua kipi kinatangulia kipi.

Kila kipande kilikuwa na ukubwa wa megabaiti moja, na kwa baiti nne kwa kila kipimo, megabaiti moja ni karibu sekunde sita za sauti. Dakika 42 zilikuwa vipande 424 hivi. Mimi nilikuwa na vipande 137, yaani dakika 13 na nusu, vilivyotawanyika kama mtama uliomwagika. Kimoja kinaanza katikati ya neno na kuishia katikati ya jingine. Katika kimoja anacheka, katika kingine anavuta pumzi ili aimbe na wimbo hausikiki.

Mashi yangu ni ya mjini, kwa hiyo nilimwomba baba mdogo anisaidie. Alikuja jioni baada ya jioni kwa muda wa wiki tatu, akakaa kwenye kiti kando yangu, nami nilimpa kaski mimi nikisikiliza kwa spika ndogo. Yeye alifuata maana. Alikuwa akisema, "Mwanangu, hapa hajamaliza. Tafuta mahali anapotaja mto." Mimi nilifuata wimbi. Niligundua kwamba vipande viwili vilivyokuwa jirani kweli katika sauti ya asili hukutana bila mshono: ukikuza picha mpaka uone kila nukta ya sauti, nukta ya mwisho ya kipande cha kwanza na nukta ya kwanza ya kipande cha pili zinafuatana kama mkono mmoja ulioendelea kuchora mstari. Kama si jirani, mstari huruka juu au chini ghafla, na sikio husikia mlio mdogo mkavu, kama ukucha ukigonga meza. Mlio huo, ambao siku nyingine zote nilikuwa nikihangaika kuuondoa, sasa ulikuwa shahidi wangu. Palipolia, tulijua kwamba tumekosea, au kwamba kipande cha katikati kimepotea.

Kwa njia hiyo tulipata mafungu marefu tisa, moja likifikia karibu dakika mbili bila kukatika. Mashine ilikuwa ikisitasita kila nilipofungua zaidi ya vipande thelathini kwa pamoja, basi nilikuwa nikikusanya fungu moja, nikilitoa kama faili moja kamili la sauti, la aina ya WAV, nikifunga programu na kuanza upya. Kati ya mafungu tuliweka ukimya wa sekunde moja, na hapo tulisikia tena mlio uleule kila mshononi, ingawa safari hii hapakuwa na kosa la mpangilio. Ilibainika kwamba wimbi lote la kinasa sauti chetu lilikaa juu kidogo ya mstari wa sifuri badala ya kuuzunguka mstari wenyewe, jambo la kawaida kwa vifaa vya bei nafuu na kadi za sauti za zamani, kwa hiyo kutoka kwenye sauti hadi kwenye ukimya halisi palikuwa na kijingazi kidogo. Audacity ina sehemu ya kurudisha wimbi kwenye sifuri, ndani ya amri ya kusawazisha. Sasa ndilo jambo la kwanza ninalolifanya kwa sauti yoyote kabla ya kukata, na ndilo pekee ninaloruhusu lifanywe kwa faili zima.

Baada ya hapo tulibadilisha taratibu zetu, na nyingine ni ndogo kiasi cha kutotajika. Sauti ya asili haifutwi kwenye kinasa sauti mpaka iwe imenakiliwa mahali pengine pawili, na kila kazi iliyokamilika hutolewa kama WAV hata kama mradi wake umehifadhiwa. Faida ya pili ya utaratibu huu tuliiona miaka mingi baadaye, pale kijana mmoja alipotuletea kazi kutoka kwenye laptopu yake mpya katika umbo la .aup3, yaani mradi wa toleo jipya la Audacity, na mashine zetu hazikuweza kuifungua kabisa. Toleo jipya hufungua miradi ya zamani, lakini la zamani haliwezi kufungua mipya. WAV hufunguka kote. Upande wa Cool Edit tulikuwa na tahadhari ya namna nyingine, kwa kuwa programu hiyo, ukifungua faili moja peke yake, hukata faili lenyewe, na ukihifadhi kwa jina lilelile, cha asili kimekwisha. Huko tulikuwa tukinakili kwanza, kisha kufungua nakala.

Majina ya mafaili huanza na mwaka, mwezi na siku, kwa mkono wetu, si kwa kutegemea saa ya kompyuta. Betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao wa mashine, ile ya CR2032, huisha baada ya miaka kadhaa, na umeme ukikatika saa hurudi nyuma. Tulikuwa na mafaili ya wiki nzima yaliyoandikwa Januari 2002, wakati ambapo redio yenyewe haikuwapo. Na umeme wetu hukatika mara kwa mara, ingawa mabwawa ya Ruzizi yako jirani kabisa na mji. Delestaji, yaani mgao wa umeme, haimpigii mtu hodi. Betri za akiba tulizonunua zilikufa moja baada ya nyingine, kwa hiyo dawa iliyobaki ni kuhifadhi kila baada ya sentensi mbili au tatu zilizokatwa. Vidole vyangu vinafanya hivyo sasa bila mimi kufikiri.

Mwaka 2014, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili, tulishauriwa kuweka mfumo mpya zaidi kwenye mashine ileile. Tulikubali. Kadi ya sauti haikutambuliwa, programu zilifunguka kwa kujikokota, na kwa siku mbili tuliazima laptopu ya jirani. Tulirudisha XP, tukaondoa waya wa intaneti, na tangu siku hiyo mashine ile haijaunganishwa na chochote. Flashi za wageni hupitia kwanza kompyuta nyingine. Sidhani kama ningependekeza njia hiyo kwa benki, lakini kwa chombo ambacho kazi yake ni kukata sauti na kuingiza kaseti za zamani, imetosha.

Kuhusu kupunguza kelele nina neno moja tu, kwa kuwa naona vijana wengi wakiipunguza bila kiasi. Programu husikiliza nusu sekunde ya kelele peke yake, kisha hutoa kelele ya namna hiyo kila mahali. Kwa mngurumo wa umeme au wa feni, unaofanana tangu mwanzo hadi mwisho, inafanya vizuri sana. Kwa mvua juu ya mabati, ambayo hapa Bukavu tunaijua kuanzia Septemba hadi Mei, haifanyi, kwa sababu mvua hubadilika kila sekunde. Ukilazimisha, mtu huanza kusikika kana kwamba anaongea kutoka ndani ya ndoo ya maji. Ni heri kumwomba radhi mgeni, kunywa naye chai, na kungoja ipite.

Nilirudi Kabare mwezi uliofuata kosa lile, nikamweleza Koko yaliyotokea. Sikuficha kitu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nyimbo ziko. Nilimwambia kwamba wimbo wa pili uko karibu mzima, na wa kwanza umebaki mstari mmoja. Alisema, "Basi keti, mwanangu," akauimba tena ule wa kwanza, polepole kuliko mara ya kwanza, akirukaruka ubeti mmoja ambao nina hakika alikuwa ameuimba siku ile nyingine. Sikumrudisha nyuma. Sauti ya siku hiyo iko katika diski mbili na katika sahani moja ya CD niliyompelekea mjukuu wake.

Kati ya vipande 137, kimoja hakikupata jirani hata baada ya wiki tatu. Ndani yake Koko ameacha kusimulia, anageuza kichwa mbali na kipaza sauti na kumwambia mtoto fulani amletee mgeni maji. Baba mdogo alikisikiliza mara nyingi akasema kwamba kinaweza kuwa popote. Nimekihifadhi peke yake, katika faili lake, kwa tarehe ya siku ile.